Pua ya Mzee Simeoni

Mzee Simeoni alikuwa hakubali kitu mpaka akinuse. Petroli aliinusa, oili aliinusa, maji ya rejeta aliyanusa, na mama lishe akimletea chai aliinusa kwanza ndipo akae kwenye benchi. Watu wa mtaa wetu wa Utemini, Singida, walimcheka, na mimi nilikuwa kinara wao, kwa sababu gereji yangu ilikuwa hatua chache kutoka nyumbani kwake na kila asubuhi nilimwona ameinamia kitu. Siku hizi simcheki tena. Nitaeleza kwa nini, ingawa habari yenyewe inaniaibisha mimi kuliko yeye.

Naitwa Peniel, fundi magari. Yeye alikuwa Mnyiramba wa Kinyangiri, na kwa miaka ishirini na miwili aliendesha lori la ushirika bila kugonga hata kuku. Hilo la kuku alilisema mwenyewe kila alipopata msikilizaji, wala sikuwahi kumsikia mtu akilipinga. Kunusa alifundishwa hukohuko ushirika. Enzi zile oili ilikuwa adimu, ilikuja kwenye madebe yasiyo na maandishi yoyote, na dereva aliyetia kitu asichokijua aliua injini ya watu na kwenda kujieleza mbele ya kamati nzima. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao moja: nusa kilichomo, kisha ongeza kinachonuka vilevile. Mzee Simeoni aliishika sheria hiyo kama wengine wanavyoshika sala.

Mwaka tisini na nne ushirika ukakata roho. Biashara huria ilikuwa imeshaingia, wanunuzi binafsi walikuja na mizani yao mpaka mashambani, na lori la Mzee Simeoni likabaki juu ya mawe, halina tairi. Alikuwa na miaka hamsini na miwili na kibarua kimeota nyasi. Nilidhani atarudi Kinyangiri kulima. Yeye alikataa. Alisema yeye ni dereva, na dereva akishika jembe watu wanasema aliua mtu barabarani.

Aliyemchukua ni Bwana Ramniklal, mwenye duka la vitambaa pale mjini. Mzee huyu wa Kihindi alikuwa ameleta mashine ya kukamua alizeti, akaifunga uani nyuma ya duka, na mwaka uliofuata akanunua pikapu kutoka Japani kupitia Dar es Salaam. Lilikuwa limetumika, lakini kwa Singida ya siku zile lilikuwa jipya kabisa. Viti vilikuwa bado na nailoni. Kitabu chake cha maelekezo kilikuwa cha Kijapani kitupu, tukakifungua, tukatazama picha, tukakifunga.

Siku lilipofika tulijaa uani kulitazama. Mke wa Bwana Ramniklal, Vasanti, ambaye sisi tulimwita Mama Hardik kwa jina la mwanawe, alilipaka alama nyekundu kwenye boneti, akavunja nazi mbele ya gurudumu, akatugawia peremende za maziwa wote tuliokuwepo, Wakristo kwa Waislamu. Kisha Mzee Simeoni akaingia, akashika usukani, akapigwa na butwaa.

"Fundi!" aliniita. "Huu usukani hauna mzigo!"

Kweli, ulizunguka kwa kidole kimoja. Ilikuwa ile tunayoiita pawa, ambapo pampu na oili vinasaidia mikono ya dereva, na mimi nilikuwa nimeisikia kwa jina tu. Magari niliyojifunzia yalimtaka dereva awe na mabega. Nikatikisa kichwa kama mtu anayeelewa, nikasema ndivyo magari ya kisasa yalivyo. Mzee Simeoni hakuridhika. Mwezi wa kwanza aliliendesha gari lile kama mtu aliyepakata mayai, kwa sababu alizoea usukani unaobishana naye.

Basi, mwezi wa tatu usukani ukaanza kuwa mzito kidogo, na yeye, niamini ninachosema, akafurahi! Alisema sasa gari limezoea barabara zetu. Mwezi wa tano ulikuwa unaguna kila akikata kona. Mwezi wa saba alikuwa anarudi nyumbani na mabega yamevimba, mkewe Damari anamkanda kwa maji ya moto, na makuli wa pale uani wameanza kusema mzee amekwisha. Mmoja alisema waziwazi kwamba gari la kisasa halitaki babu. Bwana Ramniklal naye akaanza kulitaja jina la Laurian, dereva kijana wa Manyoni ambaye alikuwa anatafuta kazi.

Ndipo Mzee Simeoni akaja gerejini kwangu. Nilimwamkia, "Shikamoo, Mzee," akaitikia marahaba bila kunitazama, akakaa juu ya tairi.

"Mwanangu," alisema, "niambie kweli. Ni gari, au ni mimi?"

Sijasahau sauti yake. Mzee yule ambaye hakuwahi kuniuliza hata bei ya boliti, alikuwa ananiomba nimwambie kama maisha yake yamefika mwisho. Nikaliinua gari kwa jeki. Nikakagua tairodi, vile vyuma vinavyogeuza magurudumu, nikakagua beringi za mbele, nikatia grisi kila penye tundu la grisi, nikabadilisha tairi za mbele na za nyuma. Kule kwenye pampu sikugusa. Niliona kikopo cha oili ya pampu pembeni ya injini, nikakipita. Sikukijua, na sikutaka kuonekana sikijui.

"Gari zima, Mzee," nikamwambia.

Akainuka kutoka kwenye tairi, akasema asante. Kumbe nilikuwa nimemhukumu.

Wiki ile ile Bwana Ramniklal alinitaka niende nao Iguguno kuchukua alizeti, nilisikilize gari likiwa na mzigo. Tulikwenda salama. Wakati wa kurudi tulikuwa na magunia ishirini nyuma, jua kali, vumbi jekundu, na usukani unaguna tangu tulipotoka sokoni.  Jasho lilimtiririka Mzee Simeoni mpaka kidevuni.

Kabla ya kufika barabara kubwa kuna kona, na baada ya kona ile ng'ombe walikuwa wanavuka. Hawakuwa watatu wala wanne, lilikuwa kundi zima, na mchungaji yuko upande wa pili. Mzee Simeoni alikata kushoto. Usukani ukaenda nusu, ukagoma.

Ukagoma kabisa! Nimefanya kazi hii miaka yote na sijawahi kuona uso wa mtu ukibadilika vile. Aliniambia kitu kwa Kinyiramba, mimi ni Mnyaturu sikuelewa, lakini mikono yangu ilielewa. Niliurukia ule usukani. Mikono minne tukauvuta, mimi nimemlalia mzee mapajani, yeye amekanyaga breki na kunipigia kelele sikioni. Gari likageuka polepole, polepole mno, likawapita ng'ombe kwa upana wa kiganja, likaingia shamba la alizeti na kusimama katikati ya mabua.

 Injini imezimika. Ua moja la alizeti limelala juu ya kioo cha mbele. Nilipomtazama Mzee Simeoni nikaona mikono yake yote miwili bado iko juu ya usukani, naye anaitazama mikono hiyo kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Ni mimi," alisema. "Basi. Nimekwisha."

Hapo ndipo ilipokuja harufu. Nilidhani akili yangu imeruka, kwa sababu katikati ya shamba lile, bila nyumba wala moto, palinuka maandazi. Maandazi yanayokaangwa! Nikateremka, nikafungua boneti, nikarudi nyuma hatua mbili.

Kile kikopo kilikuwa kimetapika. Kifuniko kimefyatuka, povu la njano linatoka mdomoni, na pale lilipomwagikia bomba la moshi la moto lilikuwa linakaangika na kutoa moshi. Nikachovya kidole pembeni. Ulikuwa utando unaonata, mzito kama gundi. Nikanusa. Alizeti. Mafuta ya kupikia, tena mazuri, yale yale ya mashine ya Bwana Ramniklal!

"Mzee," nikasema, "nani ametia mafuta ya alizeti humu?"

Akaja, akainama, akanusa. "Mimi niliongeza," alisema. "Yalipungua, nikaongeza. Mara tatu."

"Uliongeza alizeti? Kwenye usukani?"

"Nilinusa kwanza. Nilikuta alizeti, nikaongeza alizeti."

Nilipandwa na hasira ambazo mpaka leo sijui zilitoka wapi. Au najua. Tulikuwa tumeponea chupuchupu, na mimi niliyesema gari zima ndiye niliyekipita kikopo kile kwa makusudi. Mtu mwenye hatia hupiga kelele kuliko wote, na mimi nilipiga. Nikamwambia Mjapani hatii mafuta ya kukaangia samaki kwenye gari. Nikamwambia ametia mwenyewe tangu mwanzo, kwa ujinga wa madebe ya ushirika, na sasa anatafuta pa kujifichia.

"Nilinusa," alirudia taratibu. "Niliyakuta."

"Mwongo wewe!"

Nilimwambia hivyo mzee wa rika la baba yangu, ambaye alinibeba nikiwa na homa utotoni.  Alikwenda kukaa chini, kando ya gari upande wa kivuli, akasubiri injini ipoe.

Tulirudi mjini kwa mwendo wa mtu anayetembea kwa miguu, tukisaidiana usukani kila kona bila kusemezana. Pale uani Bwana Ramniklal alikuwa na makuli sita na wateja wawili. Nilikuwa sijajua nitamwambia nini, lakini Mzee Simeoni alinitangulia. Alisimama mbele yake, akasema yote: ng'ombe, shamba, kikopo, na kwamba yeye aliongeza alizeti mara tatu kwa sababu aliikuta humo.

Bwana Ramniklal alikuwa mpole kwa kawaida. Siku ile macho yalimtoka.

"Simeoni," alisema, "kosa mimi nasamehe. Mtu yeyote anakosea. Lakini umeyakuta? Gari limetoka Japani na mafuta yangu ndani? Mbona unanifanya mimi mtoto?"

"Niliyakuta, tajiri."

"Uongo! Mbele ya watu unasema uongo!" Kisha akanigeukia. "Fundi, wewe unasemaje?"

Wote wakanitazama. Ningeweza kusema sijui, na lingekuwa neno la kweli pekee nililowahi kusema kuhusu gari lile.

"Gari linakuja na oili yake, tajiri," nikasema.

Mzee Simeoni alitoa funguo mfukoni, akaziweka juu ya gunia, akatoka. Hakuna aliyemfuata. Jioni ile ile Laurian alitumiwa ujumbe Manyoni.

Kazi ya kulitengeneza ikabaki kwangu. Kesho yake nilikwenda pale yanaposimama malori makubwa yanayopita kwenda Rwanda, nikameza aibu, nikamuuliza dereva mmoja oili ya pawa inafananaje. Hakunicheka. Alinifungulia boneti yake, akanionyesha oili nyekundu, nyembamba, isiyo na harufu ya jikoni, akanieleza namna ya kumwaga ya zamani na kuzungusha usukani kushoto na kulia huku unaongeza mpya. Kwa dakika kumi nilijifunza nilichokuwa najifanya nakijua kwa miezi minane. Akaniuzia galoni moja.

Nilianza kazi uani asubuhi iliyofuata. Nikafungua mipira, nikachuja ule uchafu, na alizeti ikaanza kutiririka ndani ya beseni, ya njano na povu. Mama Hardik alitoka jikoni na sinia la mchele anaopeta. Akasimama kando yangu.

"Fundi, kwa nini unamwaga?" aliuliza. "Mafuta hayo ni mazuri."

"Hayafai humu, mama. Ndiyo yaliyotaka kutuua."

Akaliweka sinia chini.

"Lakini hayo nilitia mimi," alisema.

Nilidhani sikusikia vizuri. Akarudia. Siku ile ya nazi na alama nyekundu, baada ya sisi kuondoka, alikuwa amechukua mafuta ya kwanza kabisa kutoka kwenye mashine yao, yale aliyokuwa ameyatenga mbele ya taa ya sala, akafungua boneti kwa mkono wake. Alitaka mali mbili za nyumba, mashine na gari, zifahamiane. Aliona kikopo kina mstari, na oili iko chini ya mstari. Akajaza mpaka kwenye mstari, kwa baraka. Hakumwambia mtu, kwa sababu jambo lile lilikuwa baina yake na Mungu wake.

 Spana ilinidondoka ndani ya beseni na mafuta yakanirukia kifuani. Alinusa! Mzee wa watu alifanya sawasawa na alivyofundishwa, akainusa harufu iliyokuwepo, akaisema kama ilivyo, na sisi wawili tukamwita mwongo, mmoja kwa sababu hakujua na mwingine kwa sababu aliona haya.

"Mama," nilisema, "Mzee Simeoni amefukuzwa kwa hilo."

Uso wake ulipauka. Hakujua, maana huwa hatoki jikoni wakati wa kelele za makuli. Aliacha mchele pale pale kuku wakaushambulia, akaingia dukani, nikasikia Kigujarati kingi cha sauti ya juu.

Mzee Simeoni aliletwa kesho yake. Walimkuta Utemini anafunga godoro kwa kamba, yeye na Damari wameshaamua kurudi Kinyangiri. Alikuja na shati la kanisani. Makuli walikuwepo wote, nami nilikuwa nimemaliza kazi, gari limeoshwa, usukani mwepesi kama siku ya kwanza. Mama Hardik alimwendea mwenyewe, akamwambia alichofanya, akalia. Mzee alimsikiliza ameinamisha kichwa.

"Pole, mama," alimwambia. "Wewe ulikuwa unaombea gari."

Bwana Ramniklal akamnyooshea funguo. Mzee Simeoni hakunyoosha mkono.

"Tajiri," alisema, "niliongeza mara tatu bila kuuliza. Hilo ni kosa langu, nalikubali. Lakini hapa hapa ulisema mimi mwongo, na hawa wote walisikia."

Nilitegemea Bwana Ramniklal akasirike. Tajiri kuombwa hivyo na dereva wake, mbele ya makuli! Alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kisha akapaza sauti mpaka wateja wa dukani wakachungulia.

"Simeoni hakusema uongo. Mimi ndiye nilikosea. Wote mmesikia?"

Makuli wakaitikia. Yule aliyesema gari halitaki babu alikuwa anatazama viatu vyake.

Nilidhani yamekwisha. Nikaanza kukusanya vifaa vyangu, na ndipo nikamsikia mzee.

"Na wewe, fundi?"

Lile neno langu la "mwongo" kule shambani hakuna aliyelisikia zaidi ya ng'ombe. Ningeweza kujifanya sikumbuki. Nikaweka spana chini.

"Mzee Simeoni hakuniongopea," nikasema, kwa sauti ya kusikika. "Aliyesema uongo ni mimi. Uliniuliza ni gari au ni wewe, nikakwambia gari zima, na nilikuwa sijui hata nilichokuwa natazama. Nisamehe, baba."

Hakusema amenisamehe. Alichukua funguo kwa tajiri, akaingia garini, akawasha injini, akaweka kidole kimoja juu ya usukani. Ukazunguka wote mpaka mwisho, kushoto, kisha kulia, bila kuguna. Akauzungusha tena.

"Kwa hiyo lilikuwa gari," alisema, na pale pale mbele yetu sote, mzee mzima, akalia kwa sauti.